Mtunzi ni Nani? Prodyuza wa Kujitegemea katika Historia ya Wimbo wa Kiswahili

1. Utangulizi

Neno mtunzi latokana na kitenzi tunga, ambacho maana yake ya awali ni kupitisha uzi katika vitu vyenye tundu: shanga, maua ya asumini, hata samaki. Kwa maana hiyo, mtunzi si lazima awe amefinyanga kila ushanga. Sifa yake ni kujua mpangilio na kuushika uzi. Katika ushairi wa Kiswahili maana hii haikuleta utata mkubwa. Mtunzi wa utenzi aghalabu alilitaja jina lake katika beti za mwisho, na hata pale utenzi ulipoghaniwa na watu wengine kwa vizazi, jina lilibaki ndani ya maneno yenyewe. Katika wimbo, na hasa wimbo uliorekodiwa, mambo hayakuwa hivyo. Wimbo una maneno, una lahani, una ala na una sauti ya mwimbaji, na kila kimoja kati ya hivyo chaweza kuwa na mwenyewe.

Mhadhara huu unafuatilia historia ya swali la umiliki wa wimbo wa Kiswahili kuanzia santuri za mwaka 1928 hadi studio binafsi za miaka ya 1990 na baadaye. Hoja yake kuu ni kwamba prodyuza wa kujitegemea, aliyejitokeza Dar es Salaam na Nairobi mwishoni mwa karne ya 20, hakuleta kazi mpya kabisa. Alirithi kazi kongwe ya mtia lahani, akaiunganisha na umiliki wa chombo cha kurekodia. Muungano huo ndio uliompa uhuru. Lakini ndio pia ulioleta mgogoro wa istilahi ambao athari zake si za kamusi pekee, bali ni za kisheria na za mfukoni.

2. Sauti yenye jina, lahani isiyo na jina

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Miongoni mwa wenzake hao walikuwamo Maalim Shaaban, Subeit Ambar, Mbaruk Effandi Talsam na Budda bin Mwendo. Nyimbo walizozibeba zilikuwa zimepikwa pamoja: habari za mjini zililetwa barazani, maneno yakasukwa, lahani ikajaribiwa, na mwishowe Siti akaimba. Hata hivyo, kilichouza santuri ni sauti na jina la mwimbaji. Upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu na ushee, na kampuni ndiyo iliyoamua nini kirekodiwe na kiuzwe wapi. Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa, aliyekuwa na mashine alikuwa mbali na aliyekuwa na wimbo.

Vilabu vya taarab vya Unguja vilihifadhi mgawanyo wa kazi ulio wazi zaidi. Katika vilabu kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na baadaye Culture Musical Club, ilikuwa kawaida mtu mmoja kutunga shairi, wa pili kulitia lahani, na wa tatu kuliimba. Wana klabu waliwajua wote watatu. Msikilizaji wa nje, hasa wa redio, alimjua zaidi yule wa tatu. Ni muhimu kumzingatia yule wa pili, yaani mtia lahani, kwa kuwa ndiye babu wa prodyuza wa leo. Kazi yake ilikuwa kuamua shairi litembee kwa mwendo gani, ala ipi itangulie, na kiitikio kirejewe mara ngapi. Alikuwa mtunzi kwa maana ya asili ya neno, ya kushika uzi, lakini jina la mtunzi lilikwenda aghalabu kwa mshairi.

3. Bendi, mwajiri na redio

Katika muziki wa dansi wa Tanganyika, na baadaye Tanzania, mtunzi alikuwa mwajiriwa. Bendi nyingi kubwa baada ya uhuru zilimilikiwa na vyama, jumuiya na mashirika ya umma. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; Mlimani Park Orchestra ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki aliyeondoka aliondoka na kipaji chake, lakini vyombo vilibaki. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, uamuzi wake ulionyesha jinsi uhuru wa mtunzi ulivyohitaji zaidi ya umaarufu: ulihitaji pia vyombo.

Hata bendi yenye vyombo haikuwa na mahali pengi pa kurekodi. Kwa miaka mingi Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio kuu ya dansi nchini. Maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na rekodi ikabaki katika maktaba ya redio kwa ajili ya matangazo. Mfumo huu una sifa zake: ulihifadhi hazina kubwa ya Kiswahili cha miaka ya 1960 hadi 1980 ambayo soko peke yake lisingeihifadhi. Lakini ulimzoesha mtunzi kuamini kwamba malipo yake ni mshahara wa bendi na heshima ya kusikika hewani, si mrabaha wa kazi yake.

4. Funzo la "Malaika"

Nchini Kenya biashara ya santuri ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi. Equator Sound Studios ya Nairobi, iliyosimamiwa na Charles Worrod, ilikusanya waimbaji mashuhuri wa miaka ya 1960, akiwamo Fadhili William na Daudi Kabaka. Hapa prodyuza alikuwa mwenye kampuni, na mtunzi alikuwa mtu wa mkataba.

Wimbo wa "Malaika" ndio mfano unaojulikana zaidi. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba akaufikisha duniani. Na mwaka 1981 kundi la Boney M likatoa toleo lake. Wakati huohuo Adam Salim alidai kwamba ndiye aliyeutunga tangu miaka ya 1940. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na mjadala haukufa naye. La msingi hapa si kuamua nani alikuwa mkweli. La msingi ni kwamba wimbo ulioimbwa kwa mdomo kwa miaka kadhaa kabla ya kuingia studio hauna shahidi isipokuwa kumbukumbu. Sheria humtambua kwa urahisi yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye rekodi ya kwanza. Kwa mtunzi wa mdomo, kuchelewa kufika studio ni kuchelewa kuzaliwa.

5. Miaka ya 1990: studio inaingia mtaani

Mabadiliko mawili yalikutana katika miaka ya 1990. La kwanza ni la utangazaji. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi Tanzania, na mwaka 1994 Radio One na ITV zilianza kazi. Vituo hivyo vilihitaji muziki mwingi na mpya. La pili ni la vyombo. Kinanda cha umeme na kompyuta viliweza kufanya kazi ambayo awali ilihitaji bendi ya watu kumi. Programu kama Cubase, na FruityLoops iliyotoka mwaka 1997, ziliwezesha mtu mmoja kupanga ngoma, besi na vinanda mezani pake. Vyombo havikuwa tena mali ya chama wala shirika.

Hapo ndipo prodyuza wa kujitegemea alipopata nafasi. Dar es Salaam majina kama Bonny Luv wa Mawingu, Master Jay wa MJ, P-Funk Majani wa Bongo Records, na Mika Mwamba aliyetoka Finland yalijulikana sambamba na ya wasanii. Albamu ya Professor Jay, "Machozi, Jasho na Damu", iliyotoka mwaka 2001, ilirekodiwa Bongo Records na kuonyesha kwamba studio binafsi yaweza kubeba Kiswahili kizito cha hoja na kejeli. Nairobi nako Tedd Josiah na Ogopa DJs waliifanya studio kuwa shule ya mtindo.

Utaratibu wa kazi ulikuwa mwepesi kuuelezea. Msanii alikuja na mistari yake, wakati mwingine bila lahani. Prodyuza alimsikilizisha midundo, wakachagua mmoja au akatengeneza mpya, kisha wakatafuta kiitikio. Baada ya hapo sauti ilirekodiwa na kuchanganywa. Katika hatua hizi prodyuza aligusa hata lugha. Mshairi wa tarbia huhesabu mizani. Prodyuza huhesabu midundo. Mshororo wa mizani 16 hauna budi kuingia katika mapigo manne yanayojirudia, na mkazo wa neno la Kiswahili, ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hutafuta mahali pa kukutana na pigo zito. Neno lisilokaa hubadilishwa. Anayesema "neno hili halikai" mara nyingi ni prodyuza. Kwa hiyo mchango wake katika matini ni halisi, ijapokuwa haonekani katika karatasi ya mashairi.

Jambo moja la kupendeza lilitokea. Jina la prodyuza au la studio yake lilianza kutamkwa ndani ya wimbo, mwanzoni au mwishoni. Wengine waliliona hili kuwa majivuno. Kwa mtazamo wa historia, ni desturi ya utenzi iliyorejea kwa mlango mwingine: mtunzi asiyeaminika kutajwa na msambazaji aliliweka jina lake ndani ya kazi, mahali ambapo haliwezi kubanduliwa.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mauzo ya kanda yalipitia kwa wasambazaji wachache. Msanii aliweza kukabidhi albamu nzima kwa malipo ya mkupuo, na prodyuza akalipwa ada ya studio, au akasubiri fungu lililoahidiwa kwa mdomo. Wimbo ulipovuma miaka mingi baadaye, wote wawili walikuta kwamba hawakuwa na karatasi.

6. Istilahi na haki

Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na COSOTA ikaanza kazi mwaka 2001. Kenya nayo ilitunga sheria mpya ya hakimiliki mwaka 2001. Sheria za aina hii hutofautisha watu watatu: mtunzi, mtendaji anayeimba au kupiga ala, na mtayarishaji wa rekodi ya sauti. Tatizo limo katika huyu wa tatu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1996 kuhusu watendaji na rekodi za sauti humwelezea mtayarishaji kuwa mtu au taasisi inayoanzisha na kuwajibika kwa urekodi wa kwanza wa sauti. Huyo ni mwenye mradi. Si lazima awe amegusa kinanda hata mara moja.

Katika Kiswahili cha mtaani, prodyuza ni kinyume chake: ni fundi anayetunga midundo, anayepiga ala na anayechanganya sauti. Neno mtayarishaji linapotumika kwa wote wawili, haki zinachanganyika. Kijana anayetunga lahani, akapiga vinanda na kurekodi kwa gharama yake mwenyewe ana nafasi tatu kisheria: ni mtunzi wa muziki, ni mtendaji, na ni mtayarishaji wa rekodi. Akijaza fomu kama mtayarishaji peke yake, amejipunja mara mbili. Na ikiwa msanii ndiye aliyelipia studio na kuuanzisha mradi, hata nafasi hiyo ya tatu yaweza kuwa si yake.

Tofauti hii yafika hadi kwa warithi. Chini ya Mkataba wa Berne, haki ya mtunzi hudumu kwa uchache maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki ya rekodi, kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1996, huhesabiwa kwa uchache miaka 50 tangu rekodi ilipochapishwa, au ilipofanywa kama haikuchapishwa. Prodyuza aliyerekodi akiwa na umri wa miaka 20 aweza kuishi na kuishuhudia haki ya rekodi ikikoma, ilhali haki ya mtunzi ingewafaa wajukuu wake.

7. Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa yaonyesha kwamba uhuru wa mtunzi wa wimbo wa Kiswahili umefuata umiliki wa vyombo: kampuni ya santuri, chama chenye bendi, redio ya taifa, na hatimaye kompyuta ya mtu binafsi. Lakini chombo peke yake hakikutosha. Prodyuza wa miaka ya 1990 alikuwa na studio na hakuwa na jina la kisheria linalolingana na kazi yake. Soko la mtandaoni lililofuata halikuondoa pengo hilo. Limeongeza tu kasi ya kulifikia, kwa kuwa kila wimbo unaopakiwa huhitaji kutajiwa mtunzi wa maneno, mtunzi wa muziki na mwenye rekodi.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kwa hiyo wajibu wa wanaistilahi sasa ni mzito zaidi. Inafaa neno prodyuza libaki kwa fundi, mtayarishaji wa rekodi litumike kwa mwenye mradi, na mtunzi wa muziki apewe cheo chake kando ya mtunzi wa maneno. Mtia lahani wa klabu ya taarab alikosa jina hilo kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Mjukuu wake aliyeko studio asilikose kwa sababu lugha ilimpa jina la mtu mwingine.