Chibite (albamu)

Chibite ni albamu ya Hukwe Zawose, mwimbaji, mtunzi na mpiga ilimba wa Tanzania aliyeishi Bagamoyo. Ilitolewa mwaka 1996 na Real World Records, lebo ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwanamuziki Peter Gabriel pamoja na waandaaji wa tamasha la WOMAD. Kabla yake, katika miaka ya 1980, lebo ndogo ya Triple Earth ilikuwa imetoa Tanzania Yetu na Mateso. Chibite ni neno la Kigogo lenye maana ya "twende".

Usuli

Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Rais Julius Nyerere alimwita Dar es Salaam akaingia katika kazi ya sanaa za taifa, kisha akahamia Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981 (tangu 2007 kinaitwa TaSUBa). Ndiyo maana muziki wa nchi kavu ya mibuyu umepata makao pwani, kwa Wazaramo na Wakwere. Si ajabu sana: misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19 nayo ilipita Ugogo ikielekea Bagamoyo.

Muziki

Ala kuu ni ilimba, yaani marimba ya mkono ya Kigogo, pamoja na zeze, filimbi na njuga. Ilimba kubwa ina vijiti vya chuma vingi kuliko vile vinavyopigwa kwa vidole gumba. Vilivyobaki hutetema vyenyewe vikiitikia vingine. Kwenye kibao hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo wa kukwaruza. Hukwe huimba kwa kushuka chini sana na kupanda ghafla kwa sauti nyembamba, mpwa wake Charles Zawose akimwitikia. Ngazi ya noti ni ya Kigogo yenyewe, hivyo anayejaribu kuifuata kwa kinanda atasikia baadhi ya noti zikikataa kukaa mahali pake.

Mvumo huo si kasoro ya kurekodi. Jambo hili lina uzito kila rekodi ya aina hii inaposafishwa upya ili itolewe tena: fundi asiyeijua ilimba huweza kuudhani kuwa ni uchafu wa kanda, akauondoa, na msikilizaji akabaki na ala nyingine kabisa. Kwa kijana wa Bagamoyo anayejifunza kuunda ilimba leo, sauti iliyorekodiwa ni kipimo, maana mwalimu mwenyewe hayupo.

Baada ya Chibite

Mwaka 2002 Real World ilitoa Assembly, ambayo Zawose aliifanya na Michael Brook wa Kanada. Humo kuna gitaa na mitambo ya kielektroniki. Anayetaka kumsikia Zawose bila mapambo aanze na Chibite. Mwaka huohuo Hukwe na Charles walifungua maonyesho ya Peter Gabriel Amerika ya Kaskazini. Hukwe alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, na Charles akafuata mwaka 2004.

Jina la albamu limebaki kwa kundi la familia, Chibite Zawose Family. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, kwa jina la The Zawose Queens, walitoa Maisha kupitia lebo ileile. Katika familia hiyo wanawake walizoea kuitikia na kupiga ngoma za muheme. Humo wao ndio waimbaji wakuu.