Risiva, au Amplifaya Yenye Redio

Niliibeba mwenyewe kutoka kwenye teksi hadi kibandani kwa fundi, Kariakoo, nikaitua mezani huku mikono ikinitetemeka kwa uzito.

"Shikamoo, fundi. Nimekuletea risiva."

"Marahaba, mwanangu. Ya dishi?"

"Hapana, mzee. Ya muziki."

Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye uso wa alumini, akaugeuza mtambo na kukagua matundu ya waya yaliyojaa mgongoni. "Aa," akasema, "hii amplifaya yenye redio. Ungesema hivyo toka mwanzo."

Nilinuna kimoyomoyo. Kazi yangu ni maneno, na njia nzima nilikuwa nimejiandalia jina la Kiswahili la mzigo ule: kipokezi. Limetokana na pokea, limevaa ki- ya vifaa na -zi ya mwisho, sawa na kiyoyozi na king'amuzi. Kisarufi halina doa. Fundi hakunipa hata nafasi ya kulitaja.

Swali lake la dishi halikuwa la ujinga. Mtaani, ukisema risiva, watu wanaona kile kisanduku chembamba kinachokaa chini ya runinga. Hicho nacho kilipata jina jingine mwishoni mwa 2012, Tanzania ilipoanza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia, kuanzia Dar es Salaam. Kila mwenye runinga ya zamani alilazimika kununua kifaa, na neno king'amuzi likaingia sebuleni pamoja na kifaa chenyewe. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na ndiyo kazi hasa ya kile kisanduku: kinapokea fumbo la tarakimu na kulifumbua liwe picha. Neno lilisimama kwa sababu linasema kazi. Nikaanza kujiuliza kama kipokezi changu nacho kinasema kazi ya ule mtambo niliokuwa nimeutua mezani.

Mtambo wenyewe ni Marantz 2270, wa miaka ya mwanzo ya 1970, ambao mjomba alirudi nao kutoka Marekani. Ukiufungua kifuniko unakuta ndani mna mashine tatu zinazoishi nyumba moja. Ya kwanza ni redio: inanasa mawimbi ya FM na AM. Ya pili ni ya kuongoza, mahali unapochagua kati ya redio, santuri na kanda, na unapozidisha besi au kupunguza trebo. Ya tatu ndiyo yenye misuli, inayosukuma spika. Wapenzi wa muziki wa miaka ya 1950 walikuwa wakizinunua mbalimbali, kila moja na sanduku lake na waya zake. Mwaka 1954 kampuni ya Harman Kardon ya Marekani ilitoa Festival D1000, mojawapo ya mitambo ya mwanzo kabisa iliyozikusanya zote tatu chini ya kifuniko kimoja, na jina lililoupata ukoo huo wa mitambo, risiva, likawa la ile mashine ya kwanza peke yake. Ni kama nyumba yenye wapangaji watatu kuitwa kwa jina la yule anayekaa karibu na mlango.

Huyo wa mlangoni, kwa haki yake, anastahili sifa. Kwenye Marantz, kutafuta stesheni si kuzungusha kitufe cha kawaida. Kuna gurudumu zito lililolazwa ndani, ukingo wake umechomoza kidogo usoni, nawe unalisukuma kwa kidole kimoja. Ukilisukuma vizuri linaendelea lenyewe, na mshale unateleza juu ya namba zilizowashwa kwa taa ya buluu kutoka 88 hadi karibu na 108. Watoto wa dada yangu hawajui stesheni yoyote inayopatikana humo, lakini gurudumu wanalijua.

Kisha kuna taa ndogo inayowaka stesheni ikiwa ya stirio. Nyuma ya taa hiyo mna akili ambayo sijachoka kuisimulia. Mwaka 1961, Marekani ilipoidhinisha utangazaji wa FM wa stirio, tayari watu wengi walikuwa na redio za mkondo mmoja, na hakuna aliyetaka zinyamaze ghafla. Kwa hiyo kituo hakirushi kushoto na kulia kando kando. Kinarusha kwanza jumla ya pande mbili, ambayo redio ya zamani inaisikia bila shida. Halafu, juu kabisa, kuzunguka masafa ya kilohetsi 38, kinaficha tofauti ya pande hizo mbili. Jumlisha jumla na tofauti, unapata kushoto. Toa tofauti kwenye jumla, unapata kulia. Hesabu ya darasa la sita inayofanyika ndani ya transista.

Ili risiva ijue pa kuifukua ile tofauti, kituo kinarusha pia mlio mwembamba wa kilohetsi 19, ambao masikio ya watu wazima wengi hayaupati. Risiva ikiusikia, inauzidisha mara mbili kupata 38, inaanza kazi, na taa inawaka. Mlio huo Waingereza na Wamarekani wameupa jina la rubani. Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa wala kubuni. Kabla ya kuvaa kofia ya ndege, rubani wetu alikuwa ni yule mjuzi wa mkondo na miamba anayekiongoza chombo kuingia bandarini, na kazi yake ni hiyohiyo hasa: kutangulia mbele ya shehena asiyoibeba yeye. Mlio wa rubani. Wangeniuliza, ningeuandika hivyo kamusini kesho asubuhi.

Mashine ya pili nitaipita haraka, isipokuwa kwa neno moja. Umeme unaotoka kwenye sindano ya santuri ni mdogo mno, sehemu chache tu za elfu za volti, na lazima upandishwe kabla ya kuchanganyika na umeme mwingine. Kifaa cha hatua hiyo nimeona watu wakihangaika kukitafsiri kwa maneno marefu kama treni. Kikuza awali kinatosha.

Ya tatu ndiyo iliyotuletea utata wa lugha. Kamusini tuna kikuza sauti na kipaza sauti, na vinaparamiana. Kwenye mkutano, mwenyekiti akisema "leteni kipaza sauti", mmoja anakimbilia maikrofoni na mwingine anaburuta spika, na wote wawili wako sahihi. Kikuza sauti kilikusudiwa kuwa amplifaya, lakini nacho kinapotosha kidogo, maana hakuna sauti inayoingia humo wala inayotoka. Kinachoingia ni umeme mdogo wenye umbo la wimbo. Kinachotoka ni umeme mwingine kabisa, uliotoka ukutani, uliochongwa kwa kufuata umbo la ule mdogo, kama fundi seremala anayekuonyesha kiti cha kuchezea mtoto halafu anakuchongea cha kukalia mtu mzima. Kiti kidogo hakikukua. Kilitoa mfano tu.

Kutoka hapo tunafika kwenye wati. Namba 70 kwenye jina 2270 si pambo: ni wati 70 kwa kila upande, kwenye spika za omu 8. Ndugu zake walipewa majina kwa mtindo huohuo: 2215 ina wati 15, 2230 ina 30, 2245 ina 45. Baadaye wati zikawa vita. Mwaka 1978 Pioneer walitoa SX-1980, yenye wati 270 kwa kila upande na uzito wa zaidi ya kilo 35. Ukisoma 270 dhidi ya 70 utadhani ni karibu mara nne ya kelele. Masikio hayahesabu hivyo. Tofauti hiyo ni desibeli 6 hivi, na sikio huhitaji takriban 10 ndipo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili. Faida kubwa ya wati nyingi ni pale ngoma inapopigwa ghafla: mtambo wenye akiba hautapiki.

Namba hizo ziliaminika kwa sababu ya sheria. Mwaka 1974 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwalazimisha watengenezaji waseme wati zao kwa ukamilifu: ni za mfululizo, pande zote mbili zikifanya kazi, kwenye omu ngapi, kutoka masafa gani hadi gani, na kwa upotoshaji wa asilimia ngapi. Tena mtambo uchemshwe kwanza kwa saa nzima, kwa theluthi moja ya nguvu zake, ndipo upimwe.

Sasa nenda dukani ukatazame sabufa. Boksi limeandikwa wati 5,000, wakati mwingine 10,000, na pembeni kuna herufi nne, PMPO, ambazo hazina kipimo kimoja kilichokubaliwa na yeyote. Geuza kisanduku nyuma, tafuta fyuzi. Ikiwa imeandikwa ampea 2, kwa umeme wetu wa volti 230, kisanduku hicho hakiwezi kuvuta mfululizo zaidi ya wati 460 kutoka ukutani, na sehemu nzuri ya hizo inaishia kuwa joto. Herufi nyingine, RMS, zina heshima zaidi, ingawa hata zenyewe kitaalamu ni kipimo cha volti na mkondo, wala si cha wati. Ndiyo maana napendelea tuandike wati za mfululizo. Neno mfululizo mnunuzi analijua tangu tamthilia za redio, na linamwambia muuzaji: nionyeshe unachoweza saa nzima, si nukta moja.

Neno upotoshaji nalo lisipite hivihivi. Marantz yangu iliahidi usizidi asilimia 0.3 kwenye nguvu zake zote. Pioneer ile kubwa, 0.03. Kuna waliowahi kuita jambo hili mkwaruzo, ila mkwaruzo ni wa santuri chafu. Kupotosha ni kubadilisha maneno ya mtu huku ukidai umeyafikisha, na ndivyo amplifaya mbovu inavyomtenda mwimbaji. Ukilielewa hivyo, hai-fai inaacha kuwa kelele za matangazo, kwa kuwa maana yake ni uaminifu wa juu. Wimbo ni amana. Aliyetumwa anatakiwa aufikishe kama alivyoupokea, asipunguze, wala asitie chumvi ya kwake.

Narudi kwa kipokezi. Hata wenzetu walisita kulitafsiri neno risiva sisisi. Wafaransa wanasema "ampli-tuner", Waitaliano "sintoamplificatore", na Waingereza wenyewe kwa muda mrefu walipendelea tyuna-amplifaya. Wajerumani waliwahi kuuita mtambo huu "Steuergerät", yaani chombo cha kuongozea, wakachukua jina la yule mpangaji wa katikati. Ukiyaweka hayo ya kwanza matatu kwenye Kiswahili cha kawaida, bila kumwita mwanaistilahi, unapata maneno aliyoyatamka mzee wa Kariakoo kabla hajanyanyua hata bisibisi. Kipokezi nitakitumia, lakini kwa sehemu ya redio peke yake, pale kinapostahili.

Niliporudi baada ya wiki mbili, mtambo ulikuwa juu ya kabati, umefutwa vumbi. Fundi alinisomea mashtaka. Vitufe vya kuzungusha vilikuwa vikikoroma kwa uchafu, vimepuliziwa dawa. Kapasita mbili zilikuwa zimekauka. Na fyuzi, hiyo niliiunguza mwenyewe: mtambo ni wa volti 120, nami nilikuwa nimeuchomeka ukutani moja kwa moja.

"Nunua transfoma ya kushusha," akasema. "Halafu FM yake utaiona imefifia kidogo juu. Usinirudishie, si ugonjwa."

Alikuwa sahihi tena. Vituo vya FM huinua sauti nyembamba kabla ya kurusha, na redio huzishusha tena kwa kiasi kilekile ili kupunguza mchakacho wa hewani. Marekani hutumia kipimo cha mikrosekunde 75, sisi na Ulaya 50. Redio ya kule ikifika huku inashusha kupita kiasi, karibu desibeli 3 kwenye hetsi 10,000.

"Ongeza trebo kidogo, basi," akasema, na kuufunga mtambo kwa kamba ya katani ili niweze kuubeba. Kwenye kipande cha boksi alichokuwa ameufungia kama lebo aliandika kwa kalamu ya wino mzito: AMPLIFAYA YENYE REDIO. V. 120. USICHOMEKE.