NANI NI WA FAMILIA?
Historia ya kuomba nchi ya tatu pamoja na jamaa



Katika foleni ya mgao na chini ya miti tunapokutania, swali linaloulizwa sana ni hili: "Kesi yako imefika wapi?" Kila mtu anajua maana yake. Anaulizwa juu ya maombi ya kuhamia nchi ya tatu, yaani kuondoka na familia kwenda Marekani, Kanada, Australia au kwingineko. Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kueleza historia ya swali jingine linalotangulia hilo: katika fomu ile, nani anahesabiwa kuwa familia? Vita vimetutenganisha na jamaa zetu, hilo halina ubishi. Lakini wapo wengi ambao vita viliwaacha pamoja, halafu wakatenganishwa na karatasi.

KUVUKA BILA FOMU

Sisi wa Midia na Koboko yote tunaijua mipaka. Wakakwa wanaishi katika nchi tatu: Koboko upande wa Uganda, Yei upande wa Sudan Kusini, na Ingbokolo upande wa Kongo. Mipaka hiyo si ya kale. Eneo la Lado lilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji tangu mwaka 1894. Mwaka 1910, baada ya kifo chake, lilirudishwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini, pamoja na Arua, ikatiwa Uganda. Mtu aliweza kuzaliwa chini ya Leopold, akaoa chini ya Sudan na kuzeeka chini ya Uganda, bila kuhama kijiji chake.

Kwa hiyo hatari ilipokuja, watu walivuka kwenda kwa mjomba, kwa wakwe au kwa rafiki wa baba. Mzee wa ukoo alionyesha mahali pa kulima. Hakuna aliyeuliza kama mtoto uliyembeba mgongoni umemzaa mwenyewe au ni wa marehemu dada yako. Ndivyo walivyopokelewa Wasudani baada ya maasi ya Torit ya Agosti 1955, na Wakongo wakati wa vita vya Simba mwaka 1964. Oktoba 1980 ikawa zamu ya watu wa West Nile wenyewe. Jeshi la serikali lilipolipiza kisasi katika Koboko na Arua, maelfu kwa maelfu walikimbilia Zaire na Sudan. Mtaalamu Barbara Harrell-Bond, aliyewachunguza wakimbizi hao katika wilaya ya mto Yei na kuchapisha kitabu chake mwaka 1986, alionyesha kwamba wengi waliishi kwanza miongoni mwa wenyeji, nje ya kambi. Waliingia kambini nguvu zilipowaishia, na huko kambini ndiko walikoandikwa kwenye kadi, jina kwa jina.

SIKU 90 ZA MWAKA 1972

Kabla ya hapo Uganda ilikuwa imekwisha kuona jinsi fomu inavyoweza kuigawa nyumba moja. Mwezi Agosti 1972 Rais Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko hapa hapa, alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini, na akawapa siku 90. Uingereza ilipokea watu kama 28,000. Kanada ilifungua ofisi ya muda Kampala, ikachukua maelfu.

Lakini katika nyumba nyingi mume alikuwa na karatasi za Uganda na mke pasipoti ya Uingereza, au kinyume chake. Karatasi za Uganda zilipokataliwa, mume akabaki hana nchi. Mke na watoto wakapanda ndege ya London, naye akapelekwa na Umoja wa Mataifa kwenye kambi za muda za Ulaya, kama vile Austria na Italia. Sheria ya Uingereza wakati ule ilimhesabu mume kuwa kichwa cha nyumba. Mke hakuwa na haki ya kumwita mume wake amfuate. Ilichukua zaidi ya mwaka mmoja wa maombi na kelele kabla wengi wa waume hao kuruhusiwa. Watu hao walikuwa na ndoa halali, wana elimu, na baadhi yao walikuwa na mali. Kama wao waligawanywa na karatasi, sembuse mkulima aliyevuka mto usiku bila cheti?

WALIOANDIKWA PEKE YAO

Mwaka 1993 na 1994 vita vya Sudan vilileta umati mkubwa Koboko, na kutoka hapa wengi walihamishiwa Ikafe, Rhino Camp na baadaye Imvepi. Wenyeji waliowapokea walikuwa wamerudi kutoka Sudan miaka michache tu iliyopita. Miaka hiyo ndipo habari za nchi ya tatu zilipoanza kuenea katika kambi za Afrika Mashariki. Australia ilipokea Wasudani wengi kwa njia ya jamaa aliyetangulia kuwadhamini wenzake. Marekani, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000, ilichukua vijana wa Kisudani wapatao 3,800 kutoka kambi ya Kakuma, Kenya.

Vijana wale waliandikwa kama watu wasio na wazazi, kwa sababu hawakujua kama wazazi wapo hai. Baadaye baadhi yao walipata habari kwamba mama yupo. Ndipo walipotambua uzito wa sheria. Mkimbizi aliyefika Marekani anaweza kumwombea mume au mke, na watoto wasiooa walio chini ya miaka 21, ndani ya miaka miwili tangu afike. Mama na baba hawamo. Kijana hana budi kungoja mpaka awe raia, jambo la miaka mitano au zaidi. Kaka na dada husubiri zaidi ya hapo.

Nchi nyingine nazo zina kanuni zake. Australia humpa mkimbizi miaka mitano ya kumleta mke au mtoto, mradi alimtaja kabla ya kupewa viza yake. Kanada iliweka kanuni mwaka 2002 kwamba jamaa ambaye hakutajwa na kuchunguzwa wakati wa maombi ya kwanza hawezi kudhaminiwa baadaye. Ililegezwa kwa majaribio mwaka 2019, baada ya familia nyingi kuumia. Na nchi zote tatu hutambua mke mmoja tu. Mwenye wake wawili anajua hilo linamaanisha nini nyumbani kwake.

DAMU NA MALEZI

Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima vinasaba, yaani DNA, vya watu walioomba kufuata jamaa zao. Ilianzia Nairobi, kisha ikafika nchi nyingine pamoja na Uganda. Watu kama 3,000 walihusika. Familia ambazo undugu wote uliodaiwa ulithibitika zilikuwa chini ya moja ya tano, ingawa waliokataa kupimwa na wasiofika walihesabiwa pamoja na walioshindwa. Mpango huo ukasimamishwa hadi mwaka 2012.

Ni kweli kwamba walikuwamo wadanganyifu, na nafasi ziliuzwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba katika ofisi ya wakimbizi ya Nairobi watu walitozwa fedha nyingi kwa huduma ambayo ni ya bure. Aliyenunua nafasi aliichukua ya mwingine. Lakini pia walikuwamo akina mama waliosema "huyu ni mwanangu" kwa sababu kwetu mtoto wa ndugu ni mwana. Mashine ilipima damu. Malezi ya miaka kumi haikuweza kuyapima.

Hapa ndipo penye funzo kubwa kwetu. UNHCR hutambua pia mtu anayekutegemea, hata kama hamna damu moja: yatima unayemlea, mama mkwe mgonjwa, mdogo wako. Anaweza kuingizwa katika faili, mradi aelezwe jinsi alivyo. Ukimwandika yatima kuwa yatima unayemlea, una la kusimamia. Ukimwandika kuwa umemzaa, siku ya kipimo faili zima linaweza kuanguka pamoja naye.

MLANGO MWEMBAMBA

Tusidanganyane. Kila mwaka wanaopata nchi ya tatu hawafiki mmoja katika kila wakimbizi 100 duniani. Mkimbizi hupendekezwa na UNHCR, lakini neno la mwisho ni la nchi inayopokea, baada ya mahojiano, uchunguzi wa usalama na vipimo vya afya. Na mlango huo hufungwa bila kubisha hodi. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokwisha kuuza vyombo vyao na kupewa tarehe ya ndege walirudi kuomba pa kulala.

Kwa hiyo usiuze shamba wala kumwondoa mtoto shuleni kwa ajili ya kesi. Lakini siku ya kuandikishwa, mbele ya Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, mtaje kila mtu wako: aliye hai, aliyepotea, aliyebaki ng'ambo, na yule unayemlea. Mtoto akizaliwa, nenda ukamwandikishe. Mtu akifariki, sema. Wazee wetu walivuka mipaka hii wakiwa na ukoo mzima vichwani mwao, na ukoo haukupotea. Siku hizi hatuna budi kuuandika, kwa ukweli, mapema, kabla mtu mwingine hajatuandikia.