Nyumba ya Kiswahili

Nyumba ya Kiswahili ni aina ya nyumba iliyostawi katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia visiwa vya Lamu na Pate nchini Kenya hadi Kilwa kusini mwa Tanzania, pamoja na Unguja na Pemba. Jina hilo hutumika kwa majengo mawili yanayotofautiana sana kwa sura. La kwanza ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa katika miji ya kale. La pili ni nyumba ya miti na udongo yenye korido katikati na vyumba pande zote mbili, ambayo katika karne ya 20 ilienea hadi miji ya bara. Kinachoziunganisha ni mpangilio: mtu hupita hatua kwa hatua kutoka barabarani, mahali pa watu wote, hadi ndani kwa wenyewe.

Msomaji wa mkoa wa Mara anaweza kudhani kuwa habari hii ni ya mbali. Lakini nyumba nyingi za kupanga katika miji kama Tarime na Mugumu, zenye kibaraza mbele, korido katikati na ua nyuma, zinafuata mpangilio huohuo, ingawa kuta zake ni za tofali na paa ni la bati.

Historia

Waswahili wa kwanza hawakujenga kwa mawe. Uchimbaji wa akiolojia huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, umeonyesha kuwa nyumba za karne ya 8 zilikuwa za miti na udongo. Majengo ya matumbawe yalifuata baadaye, na nyumba za mawe za kuishi zilienea hasa kuanzia karne ya 14. Huko Kilwa Kisiwani, sultani al-Hasan ibn Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne hiyo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu mji kwa uzuri wake, lakini alieleza kuwa nyumba zake zilijengwa kwa miti. Hapo pana fundisho: jumba la mawe lilikuwa la wachache wenye mali, na watu wengi wa pwani wamelala katika nyumba za udongo wakati wote. Magofu tunayoyatembelea leo ni sehemu ndogo tu ya miji ile, kwa sababu udongo na makuti havidumu.

Mpangilio wa nyumba ya mawe

Nyumba zilizochunguzwa zaidi ni zile za mji wa Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18. Mgeni hukuta kwanza daka, yaani kibaraza kilichofunikwa mbele ya mlango, chenye viti vya mawe pande mbili. Hapo wanaume walikaa kuzungumza na kupokea wageni wa kawaida. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wenye kona. Kona hiyo si ya urembo: hata mlango ukiwa wazi, mpita njia haoni kilichomo ndani.

Kutoka tekani mtu hufika kwenye kiwanda. Neno hili hapa halihusu mashine wala uzalishaji. Ni ua wa ndani usio na paa, unaoleta mwanga na hewa katika nyumba ambayo kuta zake za nje hazina madirisha makubwa. Mgeni wa kiume aliyelala aliwekwa katika sabule, chumba kilichotengwa ili asipite kwenye sehemu ya familia. Baada ya kiwanda hufuata misana, kumbi ndefu nyembamba zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kisha chumba kinachoitwa ndani, na mwisho kabisa nyumba ya kati. Chumba hiki cha mwisho, chenye giza kuliko vyote, kilikuwa mahali pa kujifungulia na pa kuoshea maiti. Uhai wa mtu ulianzia na kuishia katika sehemu iliyofichika zaidi ya nyumba.

Choo kilikuwa ndani ya nyumba, chenye birika la maji ya kuogea. Watu wa Lamu walifuga samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Nyumba za jamaa ziliweza kuunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia, ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani.

Vifaa vya ujenzi

Kuta zilijengwa kwa matumbawe. Yako ya aina mbili. Matumbawe laini yalikatwa baharini na kuchongwa yangali na maji, kwa kuwa yakikauka huwa magumu. Yalifaa kwa mihirabu ya misikiti, fremu za milango na sehemu za urembo. Matumbawe magumu yalichimbwa nchi kavu na kutumika kwa kuta nene za kawaida. Mawe hayo yalishikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe: vipande vilipangwa juu ya rundo la magogo, vikachomwa, kisha unga uliopatikana ukamwagiwa maji na kuachwa uive kwa muda mrefu kabla ya kutumika.

Dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, na mti huu ndio uliopanga ukubwa wa nyumba nzima. Boriti nzuri inaweza kuvuka nafasi ya karibu mita 2.5 hadi 3 tu, hivyo vyumba vya nyumba za kale ni virefu lakini vyembamba. Wakata mikoko wa Lamu huipanga miti kwa unene na kuipa majina: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Miti hiyo iliuzwa pia Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zisizo na misitu, ambako nayo iliamua upana wa vyumba. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wake nje ya nchi mwaka 1982.

Mapambo ya ndani

Pambo kuu la nyumba ya mawe ni zidaka, yaani vishubaka vilivyotengenezwa kwa lipu ya chokaa katika ukuta wa chumba cha ndani, safu juu ya safu. Humo vilipangwa vyombo vya kauri kutoka China, vitabu na vitu vingine vya thamani. Kwa kuwa chumba ni chembamba na hakina mwanga mwingi, ukuta mweupe wenye vivuli vya zidaka hukifanya kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Lipu hiyo ilichongwa nakshi za maua na mistari kabla haijakauka, na Waislamu hawa hawakuweka sanamu za watu wala wanyama.

Samani zilikuwa chache. Kulikuwa na samadari, kitanda kirefu cha kwenda juu. Kasha la mbao lililopigwa misumari ya shaba, la kuwekea nguo na vito. Na kiti cha enzi chenye mgongo wima, kilichotengwa kwa mgeni mheshimiwa. Watu wengine walikaa chini juu ya mikeka na majamvi ya ukindu.

Milango ya kuchonga ndiyo inayojulikana zaidi duniani, hasa ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mara nyingi mlango ulitangulia kuwekwa, na nyumba ikafuata. Milango ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi chenye aya ya Kurani au mwaka. Yenye tao juu ilikuja na athari ya mafundi wa Kihindi katika karne ya 19. Nakshi ya mnyororo pembezoni husemwa kuwa inailinda nyumba. Misumari mikubwa ya shaba ilitoka katika desturi ya India, na kule pwani ilibaki kuwa urembo na alama ya utajiri.

Nyumba ya udongo na kuenea bara

Nyumba ya watu wa kawaida ilikuwa na fremu ya miti, kuta za kukandikwa udongo na paa la makuti. Katika vitongoji vya Dar es Salaam ilipata sura iliyozoeleka: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma kwenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Makuti yalibadilishwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyonyooshwa, kisha kwa bati. Faida yake kubwa ni kwamba kila chumba kina mlango wake kwenye korido, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kukaa na familia katika vyumba viwili na kupangisha vinne. Daka la Lamu limekuwa kibaraza cha bao na kahawa, na kiwanda kimekuwa uani.

Bara, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika Tabora na Ujiji tangu karne ya 19. Huko walijenga tembe, nyumba zenye paa bapa la udongo, na baadhi yao walizitia milango ya kuchonga. Tembe la Kwihara karibu na Tabora, walikokaa David Livingstone na Henry Morton Stanley, sasa ni makumbusho.

Tarime na Serengeti

Katika wilaya hizi mbili wenyeji, wakiwemo Wakurya, Wangoreme na Waikoma, walikuwa na mpangilio wao wenyewe. Boma la Kikurya lilikuwa na nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi kuzunguka zizi la ng'ombe, na kila mke alikuwa na nyumba yake. Ukilinganisha na Lamu, utaona kuwa pwani kitu cha kulindwa katikati kilikuwa chumba cha ndani, na Mara kilikuwa mifugo. Mawe pia hayakuwa mageni katika ukanda huu: ng'ambo ya mpaka, katika kaunti ya Migori, kuna maboma ya Thimlich Ohinga yaliyojengwa kwa mawe makavu bila chokaa wala udongo, na yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Mabadiliko yaliletwa na mambo mawili hasa: uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970, uliopanga nyumba kwa mistari, na bati, ambalo haliezeki vizuri nyumba ya duara. Nyumba ikawa ya pembe nne. Mjini, aliyetaka kupangisha alichukua mpangilio wa korido. Ni haki kusema pia kwamba mpangilio huo haukubuniwa kwa hali ya nyanda za juu za Tarime: ua wazi unaoburudisha mtu wa pwani mwenye joto humfanya mpishi wa Tarime apige baridi asubuhi na kunyeshewa wakati wa masika.

Nyumba ni ya nani

Miongoni mwa matajiri wa Lamu, baba alimpa binti nyumba, au ghorofa juu ya nyumba yake, alipoolewa, na mume alihamia kwa mke. Kwa hiyo vyumba vile vya ndani havikuwa tu mahali pa kumfungia mwanamke. Mara nyingi vilikuwa mali yake, na talaka haikumtoa humo. Waandishi wanaoeleza usiri wa nyumba ya Kiswahili bila kutaja hilo wanatoa nusu ya habari.

Kwa Wakurya, nyumba humaanisha pia mama na watoto wake, wenye ng'ombe wao ndani ya boma. Mali hupita kwa wana wa kiume wa nyumba hiyo. Ndiyo maana mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kutoa mahari na kumwoa msichana ili azae watoto wa nyumba yake. Desturi hii huitwa nyumba ntobhu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutambua muungano wa mwanamume na mwanamke tu, hivyo binti aliyeolewa kwa njia hiyo hawezi kudai haki za mke chini ya sheria hiyo.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa katika ndoa, nyumba ikiwemo.

Uhifadhi

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Hatari kubwa kwa nyumba hizi ni matengenezo mabaya zaidi kuliko umri. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, mawe yanamung'unyika, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila kuonekana. Paa linalovuja lisipozibwa mapema, maji hufanya kazi hiyohiyo kwa haraka zaidi.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 kwa matumbawe na nguzo za chuma, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na mafundi wawili walifariki. Mafundi wanaojua kuchoma na kuivisha chokaa wamepungua, kwa kuwa saruji hupatikana dukani na hukauka siku hiyohiyo.