Salfa ya mikorosho na mifugo: kinachotokea mbuzi akila majani yenye unga

Swali hili linarudi kila msimu wa kupulizia mikorosho: mbuzi au ng'ombe akila nyasi zilizoangukiwa na salfa, atadhurika? Jibu fupi ni ndiyo, akila kiasi cha kutosha. Na kiasi hicho ni kidogo kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Salfa ya unga imetumika kwenye mikorosho ya kusini tangu miaka ya 1980 kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua. Kiasi kilichozoeleka tangu zamani ni kama gramu 250 kwa mti kwa kila mzunguko, na mizunguko inaweza kufika mitano. Hapo mti mmoja unapata zaidi ya kilo moja kwa msimu, na si unga wote unaobaki juu. Mwingine unapeperushwa na upepo, mwingine unatua kwenye nyasi. Kipindi chenyewe, Juni hadi Oktoba, ni kiangazi. Hakuna mvua ya kuosha nyasi, malisho yamekauka, na kivuli cha mikorosho ndipo mbuzi wa Naipanga au Mnacho anapopata kijani kidogo.

Salfa kwa asili si adui wa mnyama. Mwili unaihitaji kidogo. Tatizo liko kwenye tumbo la wanyama wanaocheua, yaani ng'ombe, mbuzi na kondoo. Vijidudu vinavyosaga majani humo huigeuza salfa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza. Mnyama anapobeua, anaivuta gesi hiyo tena kwa pua, inaingia mapafuni na kwenye damu, kisha inafika kwenye ubongo. Ndiyo maana mnyama aliyekula sumu hii anaweza kuonekana kama mgonjwa wa kichwa kuliko wa tumbo.

Wataalamu wa lishe ya mifugo wanashauri salfa yote kwenye chakula isizidi gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya chakula kikavu. Mbuzi wa kilo 30 anakula takribani kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, na nyasi zenyewe tayari zina salfa kidogo. Kwa hiyo unga wa kujaa kijiko kimoja cha chai unatosha kumvusha mpaka. Kuvuka mpaka si kufa siku hiyo hiyo, lakini akirudia kila siku kwa wiki kadhaa, hatari inapanda. Aliyevamia mfuko uliopasuka na kulamba anaweza kufa haraka.

Dalili za mapema ni kukataa kula, kuharisha, tumbo kuuma, kuhema haraka na pumzi kunuka yai viza. Ubongo ukiguswa, mnyama anaacha kuona, anagonga vitu, anakandamiza kichwa kwenye ukuta au mti, anatazama juu bila sababu, kisha anaanguka na kutupa miguu. Dalili hizi zinafanana na kichaa cha mbwa na magonjwa mengine ya ubongo, kwa hiyo usiingize mkono mdomoni mwake kumkagua. Mwite afisa mifugo na mwambie mapema kwamba mikorosho ya jirani imepuliziwa, na lini. Taarifa hiyo inaweza kumwokoa mnyama, kwa sababu sindano za vitamini B1 zikianza mapema husaidia baadhi yao kupona. Kumnywesha maziwa au mafuta mnyama aliyelala na asiyeweza kumeza vizuri ni kumpeleka kaburini: kimiminika kinaingia mapafuni.

Kuku na punda hawacheui, kwa hiyo njia hii ya gesi haiwagusi kwa namna ile ile. Lakini wao nao wanakutana na mifuko na makopo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mfuko wa salfa unakung'utwa, unawekewa pumba. Kopo la sumu ya mbu wa mikorosho linakatwa, linakuwa chombo cha maji ya kuku.

Mwaka 1973 huko Michigan, Marekani, kiwanda kimoja kilitengeneza kirutubisho cha mifugo na pia kemikali ya kuzuia plastiki kushika moto. Mifuko ilichanganywa, kemikali ikaingia kwenye chakula cha ng'ombe. Maziwa yalipungua, kwato zikaota vibaya, na ilichukua muda mrefu kujua sababu. Ng'ombe takribani 30,000 na kuku zaidi ya milioni moja waliangamizwa. Watu walishakunywa maziwa na kula nyama, na afya zao zilifuatiliwa kwa miongo.

Kwetu kuna Vikuge, mkoa wa Pwani, shamba la malisho ya mifugo. Mwaka 1986 lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, vingine vikiwa vimeisha muda. Vilihifadhiwa vibaya, vikaingia ardhini. Takribani miaka 20 baadaye watafiti bado walikuta mabaki ya DDT na sumu nyingine kwenye nyasi za pale.

Tofauti ni hii: salfa haijikusanyi kwenye mafuta ya mnyama, lakini sumu kama DDT hukaa humo kwa miaka, zikitoka kidogo kidogo kupitia maziwa na mayai. (Zebaki ya wachimbaji wa dhahabu wa Namungo ni habari yake yenyewe, tutaiandikia siku nyingine.)

Anayepulizia awaambie majirani wenye mifugo siku moja kabla, na afanye kazi alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mwenye mifugo afunike maji na chakula, na asichunge chini ya mikorosho hadi mvua zinyeshe vya kutosha kuosha nyasi. Mfuko mtupu utobolewe usitumike tena. Mnyama aliyekufa kwa sumu azikwe. Asichinjwe wala asigawiwe mbwa, kwa sababu si rahisi kujua kwa macho kama alikula salfa tu au ilichanganywa na sumu ya wadudu.