Sarafu za Zamani na Namna ya Kuziweka Nyumbani

Historia ya nchi haikai vitabuni peke yake. Katika nyumba nyingi za Uzigua, hapa Sindeni na katika njia yote itokayo Korogwe kwenda Handeni, mna sarafu za zamani. Nyingine zimo chini ya kasha la bibi, nyingine zimefungwa katika pindo la kanga, nyingine zimetobolewa zikavaliwa shingoni. Twazitazama kama vipande vya madini tu, kwa kuwa dukani hazinunui kitu. Lakini kila moja ni shahidi wa mambo yaliyowapata wazee wetu, na mashahidi hawa wapotea siku kwa siku.

Hata maneno yetu yatoka katika sarafu hizo. Neno pesa lilikuja kutoka Bara Hindi pamoja na rupia, nayo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Wajerumani ilileta hesabu mpya, rupia moja kwa hela 100. Ndiyo sababu hata leo mtu husema, "Sina hela," wala hakumbuki kwamba ataja sarafu ya Kijerumani. Nayo sumuni, jina walilolipa watu senti 50, asili yake ni neno la Kiarabu, maana yake sehemu ya nane.

Basi tushike rupia moja ya Kijerumani na kuisoma. Upande mmoja ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Ikiwa upande wa pili mna simba na mnazi, hiyo ni ya zamani zaidi, ya kati ya mwaka 1890 na 1902, nayo ni alama ya kampuni ya wafanyabiashara iliyotangulia kuitawala nchi. Serikali yenyewe ilishika utawala mwaka 1891, lakini rupia za kampuni ziliendelea kupigwa. Ikiwa hamna simba, bali mmeandikwa thamani yake, hiyo ni rupia ya serikali, ya tangu mwaka 1904. Kwa rupia za namna hizi wazee walilipa kodi ya nyumba, iliyoanza mwaka 1898; na asiye na rupia alikwenda kuitafuta katika mashamba ya wageni au katika kazi ya reli, iliyofika Korogwe mwaka 1902.

Iko na hela 20 ya mwaka 1916, ya shaba, kazi yake si nzuri sana, nayo ina herufi T. Herufi hiyo ni Tabora. Wakati wa vita vile manowari za Waingereza zilifunga pwani, sarafu zisiweze kuletwa kutoka Ulaya. Basi Wajerumani wakazipiga wenyewe huko Tabora. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule mji ulitwaliwa na majeshi ya Wabelgiji. Baada ya vita, mwaka 1921, ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye picha ya simba, pamoja na senti zenye tundu katikati. Na mwaka 1966 nchi yetu ikapata shilingi yake yenyewe.

Sasa twauliza, sarafu yafaa nini ikiwa haijulikani ilikotoka? Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, jina lake Maurie Isenberg, aliokota sarafu chache katika kisiwa kilichoko kaskazini ya nchi yao. Akazitia katika kopo, na mahali alipoziokota akapatia alama katika ramani. Mwaka 1979 akazipeleka zikatazamwe, na tano zikatambulikana kuwa za masultani wa Kilwa, za mamia ya miaka! Kwa ajili ya ile alama, wataalamu waliweza kurudi mahali pale kutafuta habari zaidi. Kopo lilihifadhi shaba. Ramani ilihifadhi historia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika. Kila sarafu itiwe katika bahasha yake ndogo ya karatasi, na juu yake paandikwe ni sarafu gani, ya mwaka gani, ilikuwa ya nani, na ilipatikana wapi.

Kazi ya pili ni kujizuia. Msizisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu ili zing'ae. Kusugua hula maandishi, na yakiisha kulika hayarudi. Weusi wa fedha na rangi ya udongo ya shaba si uchafu wa kuondolewa. Mzishike pembeni kwa mikono mikavu. Msizitie katika mifuko laini ya plastiki, maana mingine hutoa majimaji yanayoleta kutu ya kijani. Bahasha zikae katika sanduku kavu, mbali na jiko na chumvi, wala sanduku lisikae chini sakafuni wakati wa masika.

Mkitaka wageni wazione, chukueni ubao mkavu, mtoboe matundu yenye kipimo cha sarafu, mfunike kwa kioo, mtundike ukutani pasipo moshi wala jua. Msitumie gundi wala misumari. Penye sarafu mbili za namna moja, geuzeni moja ili pande zote mbili zionekane.

Wako watu wanaochimba penye maboma na makaburi ya Wajerumani wakitafuta rupia zilizofukiwa, na wengi hurudi na majembe yao tu. Huku nyumbani mwao rupia ya babu imeuzwa kwa mfua fedha ikayeyushwa kuwa pete, wala hakuna aliyemwuliza mzee aliipata kwa kazi gani. Mwulizeni leo, angali yupo, mkaandike jibu lake juu ya bahasha.