Sheria ya Ukahaba na Askari Kanzu Katika Kingo Mbili za Ziwa Nyasa

Mbamba Bay, bandari ya Tanzania inayotazamana na Nkhata Bay ya Malawi, inashiriki na jirani yake wa ng'ambo sheria ya ukahaba yenye chimbuko moja, kwa kuwa mwaka 1930 Tanganyika (leo Tanzania Bara) na Nyasaland (leo Malawi) zote mbili ziliwekewa na Waingereza kanuni za adhabu zilizofanana sana, na ile ya Tanganyika ndiyo inayojulikana sasa kama Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Makosa ya uzururaji yaliyomo, yaani kuonekana hadharani bila kazi wala sababu ya kueleweka, yalitokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1824 iliyotungwa kuwadhibiti maskini.

Wengi huamini kwamba kanuni hiyo iliharamisha tendo lenyewe la kuuza mwili. Sivyo ilivyoandikwa: kifungu cha 176 kilimlenga kahaba anayezurura au kushawishi wateja mahali pa hadhara, na vifungu vingine vikamlenga mwenye danguro, yaani nyumba iendeshwayo kwa biashara hiyo, pamoja na mtu anayeishi kwa mapato ya ukahaba wa mwingine. Tofauti hiyo haikuwakinga wanawake, kwani katika operesheni ya serikali iliyoitwa Nguvu Kazi, ya mwaka 1983, hata walioshindwa kuonyesha cheti cha ndoa walikamatwa mijini, na hiyo ilikuwa dhuluma.

Ng'ambo ya ziwa, kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba lilifika mahakamani. Mwaka 2016 wanawake 19 wa Dedza walitiwa hatiani kwa kosa hilo, lakini Jaji Zione Ntaba wa Mahakama Kuu ya Malawi akaifuta hukumu hiyo, akieleza kwamba kifungu kile kilikusudiwa kuwabana wanaowanyonya wanawake hao, wala si wao wenyewe.

Dhana nyingine inamhusu askari kanzu, yaani polisi asiyevaa sare, ambaye hudhaniwa kuwa akiulizwa kazi yake lazima aseme kweli, la sivyo kesi imekufa. Hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimu hivyo, na hata mtego wa polisi wenyewe hauifuti kesi papo hapo. Kinachowezekana, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, ni mahakama kukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria, na uamuzi huo ni wa hakimu. Anayeitegemea imani hiyo hujiweka hatarini, huku akiziacha haki alizo nazo kweli: kuelezwa sababu ya kukamatwa, kuwasiliana na ndugu au wakili, na, kwa mwanamke, kupekuliwa na mwanamke mwenzake kwa staha.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki hizo na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Wabunge wa pande zote mbili za ziwa wanapaswa kuikamilisha kazi hiyo.